Fikasi Inapukutisha Majani Baada ya Kuhama: Mwongozo Kamili wa Kuiuguza

Siku ya sita tangu fikasi yangu ya kwanza ifike Dar es Salaam ikitokea Tengeru, karibu na Arusha, niliamka nikakuta majani yametapakaa sakafuni kana kwamba kuna mtu amekesha akiyachuma. Mabichi, ya kijani, hayana hata doa. Nikagusa tawi, mengine kumi yakadondoka. Jirani aliyekuja kuazima chujio la nazi akautazama mti, akasema, "Hiyo ina kiu, dada. Ipe maji." Nikaipa. Kesho yake nikaipa tena, nikaongeza viganja viwili vya samadi, nikaisogeza dirishani, jioni nikairudisha kwenye kona kwa sababu dirishani ilizuia pazia. Kufikia wiki ya nne ilikuwa fimbo.

Nilipoitoa kwenye chungu nikapata jibu. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama mfereji. Safari haikuiua, niliiua mimi kwa kuihurumia.

Mwongozo huu nauandika nikiwa na fikasi akilini, ile Ficus benjamina yenye majani madogo yanayong'aa, ambayo watu hupenda kuikata iwe duara mbele ya hoteli na ofisi. Ni ya ukoo mmoja na mkuyu wa porini. Nimeichagua kwa sababu katika mimea ya sebuleni ndiyo yenye hasira kuliko yote ukiihamisha. Ukijua kuuguza fikasi, kroton na mti wa mpira wa sebuleni havitakusumbua.

Kwa nini inamwaga majani

Jani lililoota kwenye jua la kitaluni ni nene, na limejengwa kwa ajili ya mwanga mkali. Jua la saa sita mchana hufika kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Kona ya sebule nyuma ya sofa, hata pale unapoona "mbona kuna mwanga tu", mara nyingi haifiki lux 200. Jicho letu linazoea giza haraka, kwa hiyo linatudanganya. Kwenye kona hiyo lile jani la juani linatumia chakula kuliko linachotengeneza. Ni kama duka ambalo kodi ya pango imezidi mauzo, na mwenye akili hulifunga. Mti unafanya hivyohivyo: kwenye kikonyo cha jani hujengeka tabaka la seli zinazolegea, kisha jani linaachia lenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliokuwa Apopka walilishughulikia sana jambo hili miaka ya 1970, na wakulima wa maua wa huko wakaanza kuizoesha fikasi kivuli kwanza kabla ya kuiuza. Vitalu vyetu vya barabarani vingi havina muda huo. Mti unatoka juani leo, kesho uko chumbani kwako.

Mambo mengine mawili huongezea machungu, na watu wengi hawayajui. La kwanza ni mzizi. Miche hukaa kitaluni kwenye viriba vyeusi miezi na miezi, mzizi mkuu ukatoboa kiriba na kuingia ardhini. Siku unanunua, muuzaji anang'oa kwa nguvu, unasikia "pwaa", na nusu ya mizizi inayonyonya maji imebaki Tengeru. La pili ni safari. Mti uliofungiwa gizani kwenye buti la basi kwa zaidi ya saa kumi unaathirika na gesi ya ethilini, ambayo matunda yanayoiva huitoa kwa wingi, na gesi hiyo inauambia mti uachie majani. Fikasi yangu ile ilisafiri imeegemezwa kwenye mkungu wa ndizi mbivu.

Hatua ya kwanza: soma majani kabla hujagusa maji

Okota majani matano uyatazame. Ya kijani au yaliyopauka kidogo, yanayodondoka yenyewe ukigusa tawi: huo ni mshtuko wa kuhama, na mti uko hai, kwa maana jani haliwezi kuachia bila seli hai za kuliachia. Ya manjano, laini, yakianzia chini na ndani, huku udongo ukiwa umelowa: maji yamezidi. Kingo za kahawia zilizokauka: chumvi, upepo wa safari au kiyoyozi.

Hali mbaya kuliko zote ndiyo inayowadanganya watu, yaani majani yaliyokauka kahawia lakini yameng'ang'ania tawini, hayadondoki hata ukitikisa. Tawi hilo limekufa ghafla kabla halijapata nafasi ya kuyaachia.

Baada ya hapo fanya kipimo cha ukucha. Kwaruza gome kidogo sana kwenye ncha ya tawi. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi liko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka sentimita kumi ukwaruze tena, hadi ukutane na kijani. Fikasi isiyo na jani hata moja lakini yenye kijani chini ya gome si maiti, na nimeona nyingi zinatupwa jalalani zikiwa hivyo. Angalizo: utomvu wake mweupe huwasha ngozi za watu wengine, na aliye na mzio wa mpira avae glavu za plastiki, si za mpira. Watoto na paka wasiutafune.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miongozo mingi inayosambaa imeandikiwa Ulaya na Marekani, na inasema weka mmea kwenye dirisha la kusini. Kwetu ushauri huo haufai kitu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linahamia kusini, karibu kabisa na utosi. Madirisha yanayopata jua la moja kwa moja kwa uhakika mwaka mzima ni ya mashariki na magharibi. La mashariki ndilo zuri kwa mgonjwa: jua la asubuhi la saa moja hadi saa tatu halichomi. La magharibi, jua la saa tisa linapika jani.

Kisha kuna vizuizi ambavyo tumeshavizoea hatuvioni: baraza yenye paa refu, nondo, pazia zito, na wavu wa mbu uliojaa vumbi la miaka mitatu. Osha wavu kwanza. Sifanyi mzaha, kwangu kuosha wavu kuliongeza mwanga kuliko kuusogeza mti nusu mita.

Kupima, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mti ukae, saa sita mchana, kisha nyoosha mkono kama sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye vidole vinavyoonekana wazi ni mwanga mwingi. Kivuli cha ukungu ni wa kati, unatosha. Kama hakuna kivuli, hapo weka picha ya ukutani au maua ya plastiki. Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya bure ya kupima lux. Haiko sahihi sana lakini inalinganisha vizuri sehemu moja na nyingine. Mimi kwa fikasi mgonjwa natafuta walau 2,000 mchana, na baada ya kupona sikubali ishuke chini ya 1,000.

Ukishapata mahali, uache hapo. Usiuzungushe kila siku kutafuta jua kama nguo za kuanika. Kila ukiusogeza unauanzishia hesabu upya. Mbali na mkondo wa kiyoyozi, mbali na feni inayoupiga moja kwa moja, mbali na mlango unaofunguliwa na kupigwa na upepo wa baharini.

Kama una baraza yenye kivuli cheupe, yaani mahali ambapo jua haligusi lakini unaweza kusoma gazeti bila taa, wodi bora ni hiyo. Mti ukae pale wiki mbili au tatu ndipo uingie ndani. Ukiwa tayari umeuweka kona yenye giza na unamwaga, utoe barazani, ila usiurushe juani moja kwa moja ukidhani unaurudishia alichozoea. Majani yaliyobaki yameshaanza kuzoea giza, yatababuka.

Hatua ya tatu: maji

Mti uliopoteza nusu ya majani hunywa maji kidogo kuliko ulivyokuwa ukinywa kitaluni, maana majani ndiyo yanayovuta maji. Juu ya hapo, mizizi ilikatika. Ndiyo maana ratiba ya muuzaji ya "kila siku asubuhi" ni sumu ndani ya nyumba. Tatizo ni kwamba mti wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mti wenye kiu, mwenye mti anaona umelegea, anaongeza maji.

Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Kwa chungu kirefu tumia kijiti kikavu cha mshikaki: chomeka hadi chini, subiri dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda na kimelowa, funga bomba. Kikitoka kikavu nusu ya juu, mwagia. Ukimwagia, mwagia kwelikweli, polepole, mpaka maji yatoke matundu ya chini, kisha yamwage yaliyo kwenye kisahani baada ya robo saa. Kikombe cha chai kila siku ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu juu panalowa, chini pamekauka, na chumvi inabaki.

Kisahani chenye maji kina ubaya mwingine usiohusu mti. Mbu wa dengi huzalia humo, na Dar es Salaam tuliipata dengi vya kutosha mwaka 2014 na 2019.

Kuhusu aina ya maji: visima vingi vya mwambao vina chumvi. Ukionja ukaisikia ulimini, mti nao unaisikia. Utaona utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani zinaungua. Maji ya mvua ni dawa, kinga ndoo msimu wa masika. Maji ya bomba yenye klorini yanafaa, yaache yalale usiku kucha kama harufu ni kali. Wa Arusha na kuzunguka Meru mjue kwamba floraidi ya maji ya huko huunguza ncha za majani ya drasena na ya mmea unaoitwa buibui, ingawa fikasi huivumilia zaidi.

Kunyunyizia majani ukungu wa maji kila saa? Kwa mwambao, hewa ina unyevu wa kutosha, unajichosha. Chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima, au Nairobi na Arusha miezi ya ukame, unyevu hukauka baada ya dakika chache tu. Afadhali kupanga mimea karibu karibu. Kwa mche mdogo ulio hoi, ufunike na mfuko mwangavu wenye matundu machache, kivulini, siku kumi hivi, ukiufungua kila asubuhi upumue.

Hatua ya nne: usiweke mbolea, na karibu kila mara usibadilishe chungu

Mbolea si uji wa mgonjwa. Mizizi iliyojeruhiwa ikikutana na chumvi za mbolea, inaungua. Samadi mbichi ni mbaya zaidi. Subiri hadi uone majani mapya yaliyokomaa, sio chipukizi tu, ndipo uanze na NPK ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, mara moja kwa mwezi.

Chungu nacho kiache. Najua umenunua kizuri cha kauri kinachoendana na makochi. Weka kiriba chako au ndoo yako ya plastiki ndani ya hicho kizuri, umalize. Kuhamisha mti udongo wiki hiyohiyo uliyouhamisha mji ni kumfanyia mtu upasuaji akiwa bado kwenye machela.

Kuna hali tatu tu zinazonifanya nivunje kanuni hiyo: udongo unanuka uvundo, udongo ni mfinyanzi mweusi ambao maji yanasimama juu yake zaidi ya dakika chache, au chungu hakina tundu. (La tatu hilo fundi mwenye drili na ncha ya zege analimaliza kwa dakika tano, hata bila kuutoa mti kama chungu kinalala ubavu.)

Ukilazimika, fanya jioni. Toa mti, tikisa udongo, tazama mizizi. Mizizi mizima ya fikasi ni migumu, rangi ya kahawia nyepesi. Iliyooza ni myeusi, laini, na ukiivuta ganda linateleza likabaki uzi. Kata iliyooza kwa mkasi uliofutwa spiriti. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili udongo wa juu au mboji iliyoiva, sehemu moja maganda ya mpunga yaliyochomwa au nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa, sehemu moja mchanga mkubwa wa mtoni. Usichukue wa baharini, una chumvi. Chungu kipya kiwe kipana kuliko mizizi kwa sentimita tatu hadi tano tu. Chungu kikubwa kinashika maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa. Na zile kokoto za chini tulizofundishwa shuleni ziache. Maji hayapendi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto, hivyo yanatuama juu yake, na unyevu unasogea karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu wa mbu juu ya tundu kinatosha.

Hatua ya tano: wageni wasioalikwa

Mmea dhaifu huwaita wadudu. Geuza jani. Vumbi jembamba lenye utando kama wa buibui ni utitiri, na unapenda hewa kavu ya kiyoyozi. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vijigamba vya kahawia vilivyoganda kwenye tawi, na sakafu chini inanata, ni vidugamba.

Kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo na harufu kali kwenye lita moja ya maji. Jaribu kwanza majani mawili, subiri siku moja. Kisha pangusa au pulizia hasa chini ya majani, jioni, na baada ya saa mbili suuza. Rudia kila siku tano hadi saba, mara tatu au nne, kwa sababu mayai hayafi raundi ya kwanza. Vidugamba havisikii sabuni hadi uvikwangue kwa mswaki wa zamani. Wakati wote huo tenga mti huo na wenzake.

Ratiba ya kweli

Wiki ya kwanza na ya pili: majani yanadondoka, na hata ukifanya kila kitu sawa yatadondoka. Vumilia, fagia. Wiki ya tatu hadi ya sita: kudondoka kunapungua, na ukitazama kwenye vifundo vya matawi unaona ncha ndogo kama sindano ya kijani. Usishangilie kwa maji. Mwezi wa pili na wa tatu: majani mapya. Yatakuwa na unene mdogo na mara nyingi mapana kidogo kuliko ya zamani. Ndiyo majani ya kivulini, yaliyoota hapohapo kwako, na hayo hayatamwagika kirahisi.

Sasa ndipo unapogoa. Kata matawi yaliyokufa hadi sentimita moja juu ya kifundo chenye kijani, futa utomvu kwa kitambaa kilicholowa. Anza pia kugeuza chungu robo mzunguko kila baada ya wiki mbili ili mti usiegemee dirishani.

Ikiwa miezi mitatu imepita, hakuna chipukizi, na kipimo cha ukucha ni kahawia hadi chini kabisa ya shina, mti umekwenda. Lakini ukiuona unakufa kuanzia chini huku juu bado kuna kijani, usisubiri. Kata vipande vya urefu wa kiganja, acha majani mawili ya juu, osha utomvu, chomeka kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Baada ya mwezi mmoja au miwili vichache vitashika.

Kama hujanunua bado

Chagua uliokaa chini ya neti nyeusi ya kivuli, sio ule unaong'aa mbele ya barabara. Inua kiriba: kikikataa kunyanyuka, mzizi umeingia ardhini. Usikubali king'olewe siku hiyo. Safirisha mti ukiwa umefungwa gazeti kuzuia upepo, mbali na matunda, na udongo ukiwa na unyevu tu, usiochuruzika.

Fikasi yangu ya pili, ambayo leo inagusa dari, niliinunua kwa mtindo huo. Nilimkuta mzee mwenye kitalu nikamwomba akate mizizi ya chini kwa kisu kikali, ausogeze mti kivulini, akae nao wiki tatu ndipo nije kuuchukua.

"Unaumwa nini huo hadi ulazwe?" akaniuliza.

"Bado hauumwi, mzee. Naukinga."

Akacheka, akachomoa kisu, kisha akaninyooshea kiganja akitaka kishika uchumba.